Mchele wa Mto Tana na Tumbo la Mfanyakazi



Katika mkutano wa tawi wa mwezi uliopita ndugu mmoja wa karakana alisimama akauliza swali ambalo watu wengi walilicheka. Aliuliza, "Chama chetu chasema nini juu ya mashamba ya Tana Delta?" Mwenyekiti alimjibu kwa upole kwamba siku hiyo tuliitana kwa habari ya malipo ya saa za ziada na ya nyumba, na kwamba mambo ya mashamba yana wenyewe. Mtu mmoja aliyeketi nyuma akasema kwa sauti kubwa, "Sisi twataka unga wa bei nafuu. Mpunga wa Wapokomo watuhusu nini?" Watu wakacheka tena, na yule ndugu akaketi.

Sisi tunaoandika karatasi hii tulikuwapo, na yatupasa kukiri kwamba na sisi tulicheka. Lakini tangu jioni ile swali lile halikutuacha. Yule ndugu ni mtu wa upande wa Garsen. Mama yake hulima mpunga kando ya mto, na kila anaporudi likizo hutuletea mfuko mdogo wa mchele, nasi huula bila kuuliza umetoka katika ardhi ya nani, wala kama mwaka ujao ardhi hiyo itakuwapo mikononi mwa mama yule. Leo twataka kumjibu kwa heshima, maana swali lake lilikuwa la haki.

Kwanza, si kweli kwamba chakula si kazi ya chama cha wafanyakazi. Mshahara wa mtu wa reli huenda wapi? Ukitoa kodi ya nyumba na karo za watoto, kilichobaki chote huingia katika sufuria. Ukipata nyongeza ya shilingi mia tano na unga ukapanda kwa kiasi hicho hicho, hukupata nyongeza. Umepewa karatasi tu. Wazee wetu walilijua neno hili. Mnamo Januari 1947, wafanyakazi wa bandari na wa reli hapa Mombasa walipoacha kazi na kukutana Kiwanja cha Maskini, shauri halikuwa mshahara peke yake. Lilikuwa mshahara ukipimwa kwa bei ya vitu madukani. Mtu aliyesema kule nyuma kwamba ataka unga wa bei nafuu alisema maneno yale yale ya 1947. Kosa lake ni kudhani kwamba unga huzaliwa dukani.

Mchele mwingi tuulao katika mji huu hutoka ng'ambo, hasa Pakistan, na wengine hutoka kwa jirani zetu wa Tanzania. Magunia tunayaona kila siku Kilindini. Mwaka 2017, ukame ulipobana na unga ukapanda, Serikali ililipia sehemu ya bei ili mfuko wa kilo mbili uuzwe shilingi 90, na meli ikaja bandarini na mahindi kutoka Mexico. Mexico, ndugu! Mahindi yakavuka bahari, na huku mtu akipanda basi asubuhi Mombasa, akapita Malindi, hufika kabla ya jioni katika nchi yenye maji ambayo kwa miaka mingi mabwana wakubwa wamesema yaweza kulisha Kenya nzima.

Basi kwa nini haitulishi? Hilo ndilo jambo tulilolitafuta.

Mto Tana ndio mrefu kuliko mito yote ya Kenya. Hutoka Mlima Kenya na Nyandarua, hupita nchi kavu ya Garissa na Hola, na kabla ya kuingia baharini Kipini hujitandaza chini ya Garsen kuwa mabwawa, vijito, maziwa na mbuga za majani. Mara mbili kwa mwaka, baada ya mvua za masika na za vuli, mto hufurika. Mtu wa mji akisikia mafuriko hufikiri msiba. Na msiba huwapo kweli maji yakizidi, kama yalivyozidi Novemba 2023 na tena Aprili na Mei 2024, watu wakahama nyumba zao. Lakini mafuriko ya kiasi ndiyo mbolea ya nchi ile. Maji huleta udongo mpya. Yakianza kushuka, Mpokomo hupanda mpunga wake mabondeni yakiwa bado na unyevu, na mahindi na ndizi na maembe juu ya kingo. Mavuno yakiisha na kiangazi kikaja, Waorma na Wawardei hushusha ng'ombe kutoka nchi kavu, maana huko majani yamekwisha na hapa yangali mabichi. Wavuvi nao wana maziwa yaliyoachwa na mto. Ardhi ni ile ile moja, bali kila mtu ana mwezi wake.

Sisi watu wa reli hatuna haja ya kufundishwa jambo hili. Wazee wetu waliendesha magari mengi katika njia moja, na hakuna dereva aliyeingia kipande cha njia bila kuwa na tokeni mkononi. Njia moja yaweza kupitisha magari ya kwenda na ya kurudi mchana na usiku, mradi stesheni mbili zisemezane. Kule Tana waliosemezana walikuwa ni wazee: Gasa ya Wapokomo na Matadeda ya Waorma. Waliamua ng'ombe wapite wapi kufikia maji, na njia hizo zaitwa malka. Waliamua mavuno yaingie ghalani kwanza, ndipo mifugo iingie shambani. Hatusemi kwamba hawakugombana. Waligombana, na wakati mwingine vibaya. Lakini palikuwa na mtu wa kuuliza.

Sasa mlete mtu wa ofisini kutoka mbali, mwenye ramani. Akija mwezi wa ng'ombe haoni shamba. Akija mwezi wa mpunga haoni ng'ombe. Akija katikati haoni kitu, basi huandika katika kitabu chake: ardhi tupu. Neno hilo moja limeleta taabu nyingi kuliko mamba wa mto ule.

Na taabu hiyo si ya juzi. Ilianza juu kidogo ya delta, mahali ambapo kila mfanyakazi wa Kenya apaswa kupajua. Wakati wa Hali ya Hatari, mwaka 1953, serikali ya kikoloni ilianza mradi wa kumwagilia maji Hola, na wafungwa wa kizuizini wakapelekwa huko. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa waliokataa kufanya kazi ile ya kulazimishwa walipigwa na askari wa gereza, na watu 11 wakafa. Tangazo la kwanza la serikali lilisema walikufa baada ya kunywa maji. Ati maji! Twalitaja jambo hili kwa sababu moja. Mashamba makubwa ya mto Tana hayakuanzishwa na mkulima aliyetaka maji. Yalianzishwa na amri, na mtu wa kwanza kuchimba mifereji yake hakuwa na mshahara, wala chama, wala ruhusa ya kusema sitaki. Amri ya namna hiyo ikikaa katika mradi, huwa vigumu kuitoa hata bendera ikibadilika.

Ikabadilika bendera. Mwaka 1966 ilitungwa sheria ya umwagiliaji, na kwa sheria hiyo mkulima wa mradi wa Serikali hakuwa mwenye shamba. Alikuwa na leseni tu. Meneja akiona halimi vizuri, leseni huondoka, na mtu na watoto wake huondoka nayo. Alichovuna alikipeleka kwa Bodi, nayo Bodi ikakata gharama zake kwanza. Tazameni hali hiyo kwa macho ya chama cha wafanyakazi. Mtu huyo si mkulima huru, maana hachagui alime nini wala amuuzie nani. Si mfanyakazi pia, kwa sababu hana mshahara wala likizo, na hana chama cha kumtetea. Ana mzigo wa wote wawili na haki ya hata mmoja hana. Kule Mwea, katika mito inayoingia Tana huko juu, wakulima wa mpunga walichoka na hali hiyo, na mwaka 1998 wakaamua kuuza mpunga wao kwa ushirika wao wenyewe. Vijana wawili waliuawa kwa risasi katika mgogoro ule. Sheria ya 1966 haikuondolewa mpaka ilipotungwa nyingine mwaka 2019. Miaka 53! Hata sisi na madai yetu ya nyumba hatujangoja kiasi hicho.

Bura twaipita haraka, maana habari yake ni ya huzuni. Ilianza mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Ilipangwa hekta 6,700, zikapatikana kama 2,500. Watu waliletwa kutoka sehemu nyingi za nchi kulima pamba, na mashine za kuvuta maji zilipokufa walibaki jangwani bila maji wala nauli ya kurudi kwao. Hola nako, mwaka 1989 mto ukahama njia yake, ukauacha mradi pembeni. Mto haukusoma ramani.

Kisha mradi ukashuka katika delta yenyewe. Shirika la Serikali liitwalo TARDA, lililoundwa mwaka 1974, lilianzisha shamba kubwa la mpunga karibu na Garsen kwa msaada wa Japani. Kingo zilijengwa ili maji ya mafuriko yasiingie shambani ovyo. Vizuri. Lakini kingo zinazoyazuia maji yasiingie kwangu huyazuia pia yasifike kwa jirani, na jirani alikuwa akilima kwa maji hayo hayo tangu babu zake. Mafuriko ya El Nino ya 1997 na 1998 yakaja, yakazivunja kingo. Kwa hiyo mkulima mdogo alipoteza maji, na mradi mkubwa ukapoteza kingo, na sisi mjini tukaendelea kununua mchele wa Pakistan.

Ndugu, sasa tufike mwaka 2008, maana hapo sisi wafanyakazi tuna neno letu la kukiri.

Mwaka ule TARDA na kampuni ya sukari ya Mumias walileta mpango wa kupanda miwa katika delta, hekta kama 20,000, na kujenga kiwanda. Mnamo Juni 2008 wakapewa leseni ya mazingira. Iliahidiwa kazi kwa maelfu ya watu. Katika tawi letu wako wazee wanaokumbuka jinsi habari hiyo ilivyopokewa: walipiga makofi. Na nani asingepiga? Chama cha wafanyakazi kikisikia neno kazi, masikio husimama. Vijana wetu wanaranda Changamwe na Mikindani wakitafuta kibarua cha siku moja. Kiwanda kikisema kitaandika watu, nani atauliza juu ya ng'ombe wa Mworma?

Lakini hatukuuliza hata maswali yetu wenyewe. Hatukuuliza kazi gani. Kukata miwa kwa msimu, kwa kipande, ni kazi ya mkataba au ni kibarua? Hatukuuliza mkulima aliyekuwa akila na kuuza kidogo kutoka katika eka zake mbili atalipwa mshahara wa kununua chakula kile kile alichokuwa akikilima bure. Miwa haipikwi ikaliwa na ugali. Wenyeji ndio waliouliza, wakulima pamoja na wafugaji, wakaenda mahakamani. Katika mwaka ule ule ikasikika pia kwamba nchi ya Qatar ilitaka hekta 40,000 kulimia chakula cha watu wake, nayo itatusaidia kujenga bandari ya Lamu. Shauri hilo halikutimia. Ikaja kampuni ya Kanada ya kupanda mbono wa kutengeneza mafuta ya magari, nayo kufika 2013 ilikuwa imefunga. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kule Tana wageni wamekuja wengi sana.

Na Mumias yenyewe? Mwaka 2019 kampuni ile iliwekwa chini ya wasimamizi wa wenye madeni, na wafanyakazi wake kule magharibi waliachwa wakidai mishahara. Hatusemi haya kwa kuwacheka wenzetu wa Mumias. Msiba wao ni wetu. Twawaomba mfikiri tu. Kama hekta zile 20,000 zingalipandwa miwa, malka zikafungwa na mpunga ukang'olewa, leo mtu wa Garsen angekuwa hana shamba na hana kazi, angekuwa amesimama hapa mlangoni pa karakana pamoja na vijana wetu akiomba kibarua, na mwajiri angemtazama yeye na kututazama sisi, na kusema mshahara wenu ni mkubwa mno.

Hapo ndipo mpunga wa Wapokomo unapotuhusu.

Yaliyotokea mwaka 2012 hatuyaandiki kwa urahisi. Tarehe 22 Agosti katika kijiji cha Reketa watu zaidi ya 50 waliuawa asubuhi moja, wengi wao wanawake na watoto. Mauaji yakajibiwa kwa mauaji mpaka Januari 2013, na jumla ya waliokufa ikapita 100, na askari wa polisi wakiwamo. Wengine husema ilikuwa siasa ya uchaguzi uliokuwa ukikaribia. Wengine husema ni bunduki zilizoenea. Yote yawezekana kuwa na ukweli. Lakini twajua kwamba ardhi ikipunguzwa huku na huku, mradi huu ukachukua bonde na ranchi ile ikapewa mgeni, wale wawili waliobaki husukumwa katika nafasi moja nyembamba, na aliyewasukuma hayupo wakati visu vinapotolewa. Magazeti yaliandika kwamba Wapokomo na Waorma wamepigana. Ni kweli walipigana. Ramani haikutajwa katika habari ile.

Baada ya damu ile mambo mawili mazuri yalifanyika, na ni haki kuyasema, maana hatupendi karatasi ya kulalamika tu. Mwaka 2012 delta iliandikwa katika mapatano ya Ramsar ya kulinda nchi zenye maji. Na Februari 2013 Mahakama Kuu iliamua kesi ya wenyeji, ikaamuru idara za Serikali zitengeneze mipango ya matumizi ya ardhi ya delta kwa kuwashirikisha wenyeji wenyewe. Mpango ulitengenezwa, ukatolewa mwaka 2015, baada ya mikutano vijijini na wakulima, wafugaji na wavuvi, ukatenga mahali pa kulima na pa malisho na njia za mifugo. Ni kama ratiba ya magari iliyoandikwa na wale wanaoyaendesha.

Lakini ratiba ya ukutani haimsimamishi dereva. Mwaka 2014, kabla wino wa mpango ule haujakauka, Serikali ilizindua shamba la Galana-Kulalu, kati ya Kilifi na Tana River, eka milioni moja katika mazungumzo, na kwanza eka 10,000 za majaribio. Tuliambiwa unga utashuka. Mkandarasi kutoka Israeli aliondoka mwaka 2019 kwa ugomvi wa malipo. Unga tunaujua bei yake.

Tena kuna jambo la maji yenyewe, na hapa mtu wa reli asijitoe. Tangu Kindaruma mwaka 1968, mto Tana umejengewa mabwawa ya umeme, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere, na karakana zetu zimezungushwa miaka mingi kwa umeme huo. Nairobi nayo hunywa maji ya mto Thika, ambao huingia Tana. Sasa kwa muda mrefu lazungumzwa bwawa jingine kubwa kuliko hayo, High Grand Falls. Hatuna ugomvi na umeme. Lakini bwawa hukamata udongo pamoja na maji, na hubadilisha majira ya mafuriko. Mto ukipungua nguvu, bahari hupanda. Kule Ozi, karibu na Kipini, wakulima husema maji ya chumvi yameingia katika mashamba yao ya mpunga na miembe yao inakufa. Nani alikwenda kuwauliza watu wa Ozi siku taa zilipowashwa Mombasa?

Tusijifanye watakatifu. Reli nayo, ya zamani na ya sasa, ilipita katika mashamba ya watu. Ndiyo sababu twajua uzito wa neno fidia, na jinsi linavyochelewa.

Wako watakaosema: Je, mwataka nchi ikae na njaa ili ng'ombe wapate majani? Hatutaki hivyo. Twataka mchele wa Tana uje Mombasa, tena mwingi. Twaamini mkulima wa Ngao au Wema anaweza kulima zaidi akipata mbegu kwa wakati, mashine ya kukoboa iliyo karibu, na barabara isiyokatika kila mvua inyeshapo. Mfugaji naye ana nyama na maziwa, na sokoni Mombasa nyama yajulikana bei yake. Hayo si mambo ya hekta 20,000, wala hayapigiwi picha na wakubwa wakikata utepe. Kwa Katiba ya 2010 kilimo cha vijijini kiko mikononi mwa kaunti, ardhi ya jamii ni ya jamii, na kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa. Sheria ya Ardhi ya Jamii ikatungwa 2016 ili jamii ziandikishe ardhi yao kwa jina lao. Kazi hiyo yaenda polepole mno, na ardhi isiyoandikishwa ndiyo ile ile ambayo mtu wa ramani ataiita tupu.

Basi maoni yetu ni haya, na tutayapeleka mbele ya mkutano wa tawi. Chama kisipige makofi tena kwa ahadi ya kazi katika ardhi ya delta kabla hakijauliza ni kazi za namna gani, kwa mkataba gani, na wenyeji wamesema nini. Mradi ukija na ukaitisha mikutano ya kusikiliza wananchi, chama kipeleke mjumbe, naye aketi pamoja na wakulima na wafugaji, siyo meza ya mbele pamoja na kampuni. Na Kamati iulize kama ushirika wetu wa akiba na mikopo unaweza kununua mchele moja kwa moja kwa vikundi vya wakulima wa Garsen wakati wa mavuno, tuugawane kwa bei ya haki badala ya kumpa dalali faida ya watu wawili. Yawezekana jambo hili la mwisho likashindikana. Magunia huhitaji gari, na reli yetu haijafika Garsen. Lakini halijajaribiwa.

Yule ndugu wa karakana tumemwomba aseme tena katika mkutano ujao, na safari hii atapewa nafasi ya kwanza, kabla ya habari ya nyumba. Wenzetu wengine mnaotoka Garsen, Ngao, Witu, Kipini na Hola, mnaombwa kumwona Katibu baada ya zamu ya mchana ili majina yenu yaandikwe. Wafugaji pia, si wakulima peke yao.